Nafasi Niliyomshikia Dada

Tarehe niliiandika mimi. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenituma. Niliiandika kwa kalamu ya bluu, juu kulia kwenye fomu ya manjano, siku ileile shemeji alipozikwa, na nilipomaliza nilijiona mtu mwema kweli. Ndiyo maana watu wakianza kusimulia jinsi kompyuta zilivyofukuza watu kazi miaka ile, mimi hunyamaza. Kompyuta haina kalamu.

Nilikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha turubai mjini Arusha. Tulishona mahema ya watalii na turubai za malori. Kazi yangu ilikuwa ikama, yaani kujua kila sehemu ya kiwanda inatakiwa iwe na watu wangapi na inao wangapi. Mkuu wa sehemu akihitaji mtu alijaza fomu ya manjano, akaisaini, ikaja kwangu, na tangu hapo nafasi ilihesabiwa kuwa wazi. Akipatikana mtu, naandika jina lake chini ya fomu, anasaini mwenyewe mbele yangu, nafasi imejazwa. Nilikuwa nimebandika ukutani karatasi kubwa ya miraba, nikachora mistari miwili, mwekundu wa nafasi zilizo wazi na wa kijani wa zilizojazwa, mwezi hadi mwezi. Sikuagizwa na mtu. Niliipenda tu. Wakuu wa sehemu walikuja na vikombe vyao vya chai kuitazama, na ole wake aliyeigusa kwa vidole vyenye mafuta, nilimtimua mpaka kwenye ngazi.

Sasa, Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kiwandani kwetu lake lilikuwepo. Mfanyakazi akifa, nafasi yake ilishikiwa familia yake: mjane, au mtoto, au mdogo wake. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Fomu ilijazwa haraka kabla wakubwa hawajaleta wapwa zao, kisha ikakaa wazi hata nusu mwaka ikimngoja mwenyewe amalize msiba. Fomu iliyotangulia ndiyo iliyokuwa na nguvu. Akija mpwa wa mkubwa na barua yake, namfungulia faili: tazama baba, mwenzako katangulia. Ndiyo sababu mzee aliyekuwa mkuu wa sehemu ya kukata, Mmeru mwenzangu wa Nkoaranga, alikuwa ameniachia fomu tano tupu alizokwisha kuzisaini, zikae kwenye droo yangu. "Binti, kifo hakipigi hodi," aliniambia. "Likitokea la kutokea usinisubiri mimi."

Kisha milango ya nchi ikafunguliwa. Zikaja turubai za plastiki kutoka ng'ambo, nyepesi, rahisi, zinachanika kwa upepo wa wiki mbili lakini nani anajali, na malori yaliyokuwa yakipanga foleni getini kwetu yakapungua mpaka mlinzi akawa anasinzia mchana kweupe. Tukaambiwa kiwanda kinauzwa. Akaja mwekezaji, mwekezaji akaleta mtaalamu, na mtaalamu akaleta kompyuta.

Ningependa sana kusema mtaalamu yule alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa kijana mpole kutoka Dar, shati jeupe kila siku, anaona baridi ya Arusha kama adhabu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya karatasi yangu ya ukutani muda mrefu.

"Anti, hii umeichora mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu miwili."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta."

Wiki mbili alinifundisha. Unaingiza namba ya fomu, sehemu, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya kujazwa. Ukimaliza unabonyeza, na grafu inajichora yenyewe, mistari yangu ileile miwili, imenyooka kuliko rula yangu ilivyowahi kuinyoosha. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Mhasibu wa chumba cha pili alikuja mbio akidhani nimeona nyoka. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Huko nje majina ya waliopunguzwa yalikuwa yanabandikwa kila mwezi, wanaume wazima wanalia nyuma ya stoo, na mimi nilikuwa ndani nafurahia mistari.

Nilipanga chumba Kaloleni, nyumba moja na dada. Si dada wa tumbo moja. Yeye na mume wake asili yao Kondoa, Waislamu, na mimi ni Mlutheri niliyeshuka mlimani na sanduku la bati. Lakini siku nilipoingia kwenye ua ule yeye ndiye aliyenipokea, akaniambia, "Mdogo wangu, chumba chako hakina hata jiko? Basi utakula kwangu." Nikala kwake mwezi mzima. Alinifundisha pilau, mimi niliyejua ndizi na maziwa mgando tu, na alinicheka mchele wangu ulipoungua mpaka mtandio ukamlegea kichwani. Mume wake, shemeji yangu, alikuwa fundi wa kukata kiwandani kwetu. Watoto watatu. Dada hakuwa na kazi ya mshahara ila mkono wake wa kushona ulikuwa mzuri kuliko wa nusu ya mafundi wetu.

Homa ilimshika shemeji Ijumaa. Jumatatu alfajiri hatukuwa naye tena.

Tulimzika siku ileile, alasiri. Wanaume walibeba jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani. Dada alikaa kwenye mkeka ukutani, halii, anatazama viatu vya mume wake mlangoni. Mimi nikaanza kuwaza droo yangu. Niliwajua wakubwa wetu. Kufikia kesho asubuhi mtu angekuwa amepata mpwa. Nikamwinamia mama mkwe wake, bibi mmoja mkavu aliyekuwa amekuja kutoka Kondoa kusalimia wajukuu na akakutana na msiba. Nikamnong'oneza kwamba nakimbia kiwandani mara moja kushika nafasi.

"Leo?" alisema. "Mambo ya kazi si yasubiri arobaini ipite? Mwanangu hata kaburini hajafika."

Nikajisemea moyoni, bibi huyu hajui dunia ilivyo. Nikafunga kanga vizuri nikaenda. Nilitoa fomu moja kati ya zile tano zilizosainiwa, nikaandika tarehe, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikarudi kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini. Nikakaa mkekani karibu na dada, nikamwambia sikioni, "Nafasi nimekushikia. Ukitoka eda unaingia." Ndipo akalia. Alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Sisi kwetu mlimani tunazika Jumanne, Alhamisi tuko kwenye kahawa, kwa hiyo mwanzoni niliona ni muda mrefu mno. Lakini nilivyokuwa nikipita mlangoni kwake kila asubuhi na kumkuta amekaa, kanga nyeupe, hana hina, hana wanja, anashona nguo za watoto kwa sindano ya mkono, nilianza kuiheshimu. "Mdogo wangu, nafasi yangu ipo?" aliniuliza kila siku. "Ipo dada, imelala." Tukawa tunacheka kidogo. Ilikuwa salamu yetu.

Eda ilikuwa imekaribia nusu mtaalamu alipotuita ofisini. Alikuwa amebandika grafu yangu ukutani, palepale ilipokuwa karatasi ya miraba.

"Mstari mwekundu haushuki," alisema. "Kuna nafasi zimekaa wazi miezi mitano, sita. Na kazi inaendelea. Kama kazi inaendelea bila mtu, mtu huyo hahitajiki. Kuanzia sasa nafasi ikifikisha siku tisini haijajazwa, inafutwa kwenye ikama. Mashine itaitoa yenyewe ripoti ikichapwa mwisho wa mwezi."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Nani angebisha, kila mmoja anaogopa jina lake. Nilirudi mezani nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku tisini za dada zingetimia kabla ya eda kwisha, na zaidi ya mwezi mzima ungebaki. Nikahesabu tena nikitumaini nimekosea. Kisha nikakumbuka maneno ya yule bibi. Kama ningeiandika fomu baada ya arobaini, siku tisini zingemalizika dada ameshatoka eda. Zingebaki kama siku mbili. Mbili! Haraka haraka haina baraka, tumeimbishwa tangu utotoni, na mimi mwenye akili zangu nyingi nilikimbia maiti ikiwa bado njiani.

Nilimwendea mtaalamu nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, sikatai.

"Eda," alisema, akageukia kompyuta. "Tuiweke safu gani?"

"Safu gani tena? Ni mjane, amekaa ndani, akitoka anakuja kazini."

"Anti, mimi mwenyewe mama yangu alikaa eda. Lakini programu ina wazi na ina imejazwa. Nikimwekea huyu, nitamwekea kila mtu."

Nikamwendea mzee mkuu wa sehemu ya kukata. "Shikamoo baba." "Marahaba binti." Nikamwomba aende kwa mwekezaji akasema kwamba anamhitaji mtu yule, kwamba mashine ya kukata imesimama. Alivua kofia akaivaa tena. Alikuwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu, na kahawa ya Nkoaranga wakati ule haikuwa ikimlipa hata aliyeipalilia.

"Mashine haijasimama, binti. Nimempanga mtu mwingine afanye ya wawili."

"Baba, sema imesimama."

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. Akaondoka kwenda kukagua kitu ambacho hakikuhitaji kukaguliwa. Nilimchukia sana siku ile. Laiti ningejua nilichokuwa nakaribia kufanya, nisingemchukia.

Iliyobaki ilikuwa dada mwenyewe. Siku moja ya Jumamosi, saa nne asubuhi, niliingia chumbani kwake. Mama mkwe alikuwa kitandani anachambua mchele. Nikamwambia, "Dada, kiwandani wanaharakisha mambo. Ungeweza kuja hata asubuhi moja tu, ukasaini, ukarudi?"

Aliacha sindano. "Kutoka? Nimemkalia mume wangu siku zote hizi, nitoke sasa? Watu watasema nilikuwa nasubiri afe nikalie kiti chake." Kisha akafikiri. Alikuwa mtu wa akili. "Lakini haja ya lazima ina ruhusa yake. Nitamtuma mtu amuulize shehe. Mdogo wangu, niambie kweli, ni lazima?"

Hapo ndipo. Neno moja tu lilitakiwa. Lazima. Lakini nikisema lazima ataniuliza kwa nini, na nikimweleza kwa nini nitafika kwenye ile tarehe, na bibi alikuwa ameacha mchele ananitazama. Macho yale makavu. Niliona aibu, Mungu wangu, aibu ya kijinga kabisa, ya mtu aliyeambiwa subiri akajifanya anajua. Na nilikuwa na zile fomu nne zilizobaki kwenye droo. Nikajiambia nitalimaliza mwenyewe kimyakimya, hakuna haja ya kumtoa mjane ndani.

"Si lazima sana," nikasema. "Ingekuwa vizuri tu."

"Basi niache nimalize eda yangu," alisema, akachukua sindano.

Jumatatu nilitoa fomu mpya. Sahihi ya mzee ilikuwepo chini, halali kabisa. Nikaijaza upya, jina la sehemu, kazi, na tarehe nikaandika ya baada ya arobaini. Ile ya zamani nikaikunja mara nne nikaitia kwenye pochi yangu. Kwenye kompyuta nikabadilisha namba na tarehe. Nikabonyeza, mstari mwekundu ukasogea kidogo tu, hata usingeuona kama hukujua. Nafasi ya dada ilikuwa salama. Nilitembea siku tatu kama nimeota mbawa, na aliponiuliza asubuhi nafasi yangu ipo, nilimjibu ipo kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini.

Alhamisi mtaalamu alikuja mezani kwangu na daftari.

"Anti, kabla ya kuchapa ripoti tutalinganisha fomu zote na mashine. Moja moja. Wameniambia pia nipendekeze karani mmoja wa kubaki hapa utumishi." Tulikuwa watatu. Akatabasamu. "Mimi ningependa ubaki wewe. Data zako ni safi."

Akaenda kunywa chai. Nilibaki nimekaa. Fomu zilikuwa na namba za mfululizo zilizochapwa juu. Yangu mpya ilikuwa na namba isiyokwenda na tarehe yake ila kwa mtu atakayetazama kwa makini sana. Pengine asingeona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba pengine asingeona kabisa, na hata angeona pengine angenyamaza, maana alikuwa na mama aliyewahi kukaa eda. Lakini mimi nilimwona mama yangu Nkoaranga na kahawa yake isiyo na bei, nikawaona wadogo zangu, nikajiona mimi mwenyewe nimebeba lile sanduku la bati nakipanda kile kijia cha kwetu chenye utelezi, na watu wanauliza vipi, umerudi? Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kulisema. Nilifungua pochi, nikaikunjua fomu ya zamani, nikainyoosha kwa kiganja, nikairudisha kwenye faili, na ile mpya nikaitia kwenye pochi. Kwenye kompyuta nikaandika upya namba yake na ile tarehe ya mazishi. Mtaalamu aliporudi na kikombe chake kila kitu kilikuwa sahihi.

Alilinganisha fomu zote. Alipofika kwenye ile ya dada alisema, "Hii mbona imekunjwakunjwa?" Nikasema ilimwagikiwa chai. Akaitia tiki.

Mwisho wa mwezi printa ilipiga kelele zake, karatasi ikatoka taratibu. Mstari mwekundu ulikuja umenyooka, kisha ukaanguka chini ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi. Mwekezaji mwenyewe aliingia, akaitazama, akanipa mkono. Alisema sasa kiwanda kinapumua. Wale makarani wenzangu wawili walipewa barua zao wiki hiyohiyo. Mimi nilibaki.

Asubuhi zilizofuata dada aliendelea kuniuliza, na mimi niliendelea kumjibu. Ipo dada. Imelala.

Siku aliyotoka eda walimwogesha, wakamvika gauni jipya la kijani, wanawake wa mtaa wakaja na mafuta na udi. Kesho yake, saa mbili asubuhi, alikuwa getini kiwandani. Mlinzi alimleta mpaka ofisini. Alikuwa amejipaka wanja, mkononi ameshika kitambulisho cha kazi cha mume wake, nadhani alidhani kitahitajika. Alikaa kwenye kiti mbele yangu, akaitazama kompyuta, akatabasamu.

"Ndiyo hii? Haya mdogo wangu. Nianze lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kweli. Wiki nzima nilikuwa nimeyapanga maneno.

"Dada," nikasema, "kompyuta imekataa. Imeifuta yenyewe."

Aligeuza kile kitambulisho, akaitazama picha, akakigeuza tena. "Imefuta tu? Bila kuuliza?" Mimi nilikuwa nalia tayari, machozi yanadondoka kwenye kibodi. Akainuka, akazunguka meza, akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake mpya unaonukia udi.

"Usilie wewe. Wewe ulifanya lako. Siku ileile ya mazishi ulinishikia, hata mume wangu hajafukiwa. Nani mwingine angefanya hivyo?"

Watoto wawili wakubwa walikwenda Kondoa na bibi yao kabla mwezi haujaisha. Yule mdogo alibaki naye. Dada alihama Kaloleni akapata chumba Kwa Mrombo, akaanza kuuza nyanya sokoni. Mimi nilikaa kwenye kiti changu mwaka mmoja na miezi michache, mpaka mstari wa kijani nao uliposhuka kuufuata mwekundu chini kabisa, na ripoti ya mwisho niliyoichapa ilikuwa na jina langu kati ya waliopunguzwa.

Bado nakwenda kununua kwake. Nyanya zake anazifuata mwenyewe mashambani Kikwe, ngumu, nzuri. Ananiita mdogo wangu mbele ya wateja, ananiuliza hali ya mama mlimani. Akishanipimia huchagua tatu kubwa zaidi akaziweka juu.

"Hizi nyongeza," anasema, "za kunishikia nafasi."

Juzi nilifungua mdomo nimwambie. Nilisema, "Dada, ile nafasi," akainua macho kunisikiliza, mikono yake imejaa nyanya. Nikasema asante, nikamfungulia kikapu.